Kifua kilichosomwa bila mguu

Fomu ya eksirei niliijaza mimi. Naanza hapo kwa sababu kila ninapoeleza kisa hiki, wenzangu hukimbilia upasuaji: kifua kilivyofunguliwa, vinundu vikatolewa, kijana akaamka. Lakini miezi mitatu ya kisa hiki ilipotelea kwenye mstari mmoja wa karatasi. Penye "historia ya mgonjwa" niliandika: kikohozi wiki nne, nyanya aliwahi kuugua TB, je, ni TB? Kuhusu mguu wake sikuandika neno.

Mimi ni klinikal ofisa katika kituo cha afya upande wa Nyando, Kaunti ya Kisumu. Mgonjwa ni kijana kutoka maeneo ya Ahero, mtoto wa mama anayelima na kuuza mchele. Mambo kadhaa ya pembeni nimeyabadilisha asitambulike. Ya ugonjwa nimeyaacha yalivyokuwa.

Mwaka 2021, akiwa na miaka 16, alianza kuumwa juu kidogo ya goti la kushoto. Alikuwa mchezaji, kwa hiyo kila mtu nyumbani alijua sababu: teke la mpira. Alikandwa kwa mafuta ya moto, kisha akapelekwa kwa mzee anayesifika kwa kunyoosha mifupa, akavutwa na kusuguliwa mara tatu. Uvimbe ukazidi, maumivu yakawa ya usiku, yale yanayomwamsha mtu akiwa hajajigeuza. Mwezi wa nane alipigwa picha, kinyama kikachukuliwa, na jibu likarudi: osteosakoma.

Hii ni kansa ya mfupa inayowapenda vijana walio katika umri wa kurefuka, na mara nyingi hukaa karibu na goti, sehemu ya chini ya paja au ya juu ya muundi. Tabia yake ya pili, ambayo ndiyo kiini cha kisa hiki, ni kwamba ikiondoka mfupani hukimbilia mapafuni kabla ya mahali pengine popote. Kila mwenye osteosakoma anapaswa kuchunguzwa kifua siku ya kwanza na kwa miaka mingi baadaye. Cha kijana huyu kilichunguzwa, kikawa safi. Alipewa kemo ya doksorubisini na sisplatini mizunguko mitatu, mguu ukakatwa juu ya goti Desemba 2021, akamalizia mizunguko mitatu. Dawa ya tatu ambayo kwingine huongezwa, methotreksati ya kiwango kikubwa, hakupewa, kwa kuwa haiwezi kutolewa salama bila maabara inayopima kila siku kiasi kilichobaki kwenye damu. Alimaliza Machi 2022, akapata mguu wa bandia, akarudi shule.

Mwaka wote wa 2022 alienda kliniki kila miezi mitatu. Mwaka 2023 hakwenda hata mara moja. Nauli, mitihani, na lile ambalo mama yake alikuja kuniambia baadaye: "Daktari, mtu aliyepona unamrudisha hospitali kutafuta nini?" Sikuwa na jibu la haraka. Swali hilo huulizwa na familia nyingi, na sisi huwapa tarehe ya kurudi bila kuwaambia tunatafuta nini. Kama angeambiwa waziwazi kwamba kansa hii hurudi kupitia kifua, na kwamba hurudi kimya, bila kikohozi wala maumivu, nadhani angeuza debe la mchele akampa nauli.

Mwezi wa nne mwaka 2024 ndipo alipokuja kwangu. Ni kipindi kile cha mafuriko, Nyando imejaa maji, na kituo kimejaa watu wenye homa, malaria na vikohozi. Nilikuwa nimehamishiwa pale Januari, sikumjua. Aliketi mbele yangu akiwa na suruali ndefu na viatu vya shule. Alitembea vizuri. Nilimuuliza kikohozi kimeanza lini, anatoka jasho usiku, amepungua uzito, nani nyumbani amewahi kuugua TB. Dani yake, yaani nyanya, mwaka 2019. Swali la "umewahi kulazwa au kufanyiwa upasuaji?" sikuliuliza. Na yeye hakulitaja, kwa kuwa kichwani mwake mguu ulikuwa habari ya mguu na kikohozi habari ya kifua.

Makohozi yake yalipimwa kwa GeneXpert, hayakuonyesha TB. Picha ya kifua ikarudi na maelezo: vivuli viwili vyeupe sana, vyenye chokaa, pafu la kulia, yaelekea ni makovu ya zamani ya TB. Aliyeandika hivyo hakukosea kwa alichokuwa nacho mkononi. Kwa watu wengi kinundu cha pafu kilichojaa chokaa ni habari njema. Ni kidonda cha zamani, mwili umekizungushia ukuta, na eneo letu, lenye TB nyingi, limejaa watu wanaotembea na makovu hayo bila kujua. Ila osteosakoma ni kansa inayotengeneza mfupa. Hata ikihamia pafuni haisahau kazi yake, inaendelea kutengeneza mfupa humohumo ndani ya pafu. Kwa hiyo kinundu chake huonekana cheupe kama chaki. Alama ileile inayomtuliza daktari kwa mgonjwa mwingine ndiyo inayopaswa kumshtua kwa huyu. Tofauti yote imo katika kujua kama mgonjwa aliwahi kuwa na kansa ya mfupa, na mwenye kujua au kuweza kuuliza alikuwa mimi.

Nilimwanzishia dawa za TB. Kikohozi kikaisha ndani ya wiki mbili, na hapo nikajipa hakika kwamba nilipatia. Leo naamini kilikuwa kikohozi cha kawaida cha msimu wa mvua, ambacho kingeisha hata kwa maji ya moto.

Mapema Julai akaja kwa picha ya marudio. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, njia ya kituoni ilikuwa tope tupu, na alikuwa ameikunja suruali. Chini ya goti la kushoto, pale panapokaa muundi, niliona bomba la chuma limeingia kwenye kiatu.

"Mguu huu ulikatwa kwa nini?"

"Kansa ya mfupa, Daktari. Lakini hiyo iliisha."

Nikaichukua picha mpya nikaiinua dirishani. Vile vivuli viwili vilikuwa vimekuwa vitatu, na kile cha chini kilikuwa kimenenepa, mviringo wake umekatika wazi kama sarafu. Nakumbuka mikono yangu ilivyokuwa. Siku hiyohiyo nilimpigia msimamizi wa TB wa eneo letu tukakubaliana kusimamisha dawa, nikaandika rufaa mpya, na safari hii mguu ukawa mstari wa kwanza.

CT skani ilionyesha vinundu vinne, vitatu pafu la kulia na kimoja la kushoto, kikubwa kikiwa na milimita 27. Mifupa mingine ilichunguzwa, ikawa safi. Kigutu nacho kilikuwa safi.

Hapa ndipo familia ilipokutana, na mimi nikaalikwa. Baba mdogo wa kijana, mtu mpole aliyemlipia karo tangu baba yake afariki, alisema neno ambalo hakuna aliyetaka kulisema: "Ikishafika mapafuni imekwisha. Tusiuze shamba kwa ajili ya kaburi." Simlaumu. Ndivyo tunavyofundishana mitaani, na hata baadhi ya wahudumu wa afya husema hivyo kwa sauti ya chini. Kwa kansa nyingi zilizoenea, ni kweli kwamba kisu hakina nafasi. Mgonjwa mwenye vinundu mapafuni, kwenye ini na kwenye uti wa mgongo hasaidiwi kwa kufunguliwa kifua.

Lakini "imeenea" ni neno pana mno, na daktari wa upasuaji wa kifua tuliyempata, katika hospitali moja ya rufaa ya Bonde la Ufa, alilifungua mbele yetu kwa maswali. Je, kansa ya mwanzo imedhibitiwa kule ilikoanzia? Ndiyo, mguu ulikatwa na kigutu ni kisafi. Je, kuna kansa nje ya mapafu? Haijaonekana. Je, kila kinundu kinaweza kutolewa, pafu la kutosha likabaki? Vyote viko pembeni, karibu na ngozi ya pafu, hakuna kilichoshika mshipa mkubwa. Je, mwili utahimili? Hilo litapimwa. Kisha akauliza la tano, ambalo lilinishangaza kwa uzito aliolipa: ni muda gani ulipita tangu amalize matibabu hadi vinundu vionekane? Miezi 25. Kansa iliyorudi baada ya miezi mitano, alisema, inaonyesha kasi yake, na mara nyingi wakati unatoa hivi vinne, vingine kumi visivyoonekana viko njiani. Iliyosubiri miaka miwili inatupa nafasi.

Baba mdogo akauliza kama kuna mtu aliyewahi kupona hivyo. Ni swali la haki na lina majibu. Mwaka 1939 madaktari wawili wa Marekani, Barney na Churchill, waliandika kuhusu mgonjwa waliyemtoa figo yenye kansa, na pia kipande cha pafu ambako kansa hiyo ilikuwa imehamia. Aliishi miaka 23 zaidi, na kilichomuua ni moyo. Mgonjwa mmoja si ushahidi wa kutosha, ila aliwafungua madaktari macho. Mwaka 1997 Ugo Pastorino na wenzake walichapisha kumbukumbu za wagonjwa 5,206 wa Ulaya na Marekani Kaskazini waliotolewa kansa zilizohamia mapafuni. Waliotolewa kila kilichoonekana, 36 kati ya kila 100 walikuwa hai baada ya miaka mitano. Waliobakiziwa kansa ndani, 13. Waliokaa miaka mitatu au zaidi kabla ya vinundu kutokea walifanya vizuri kuliko waliorudiwa mapema, na wa kinundu kimoja kuliko wa vingi.

Ni lazima niseme na upande wa pili, kwa sababu takwimu hizo zina shimo. Wagonjwa wale walichaguliwa. Aliyepelekwa kisuni ndiye aliyekuwa na vinundu vichache na kansa ya polepole, na huenda angeishi muda mrefu hata bila kupasuliwa. Jaribio lililoongozwa kutoka Uingereza, PulMiCC, lilithubutu kuwagawa kwa kura wagonjwa wa kansa ya utumbo mpana iliyohamia mapafuni, baadhi wapasuliwe na wengine wasipasuliwe. Lilipata watu 93 tu kabla ya kusimama kwa uhaba wa washiriki, na makundi mawili yakaishi karibu sawa: nusu ya waliopasuliwa walivuka miaka 3.5, nusu ya wasiopasuliwa miaka 3.8. Idadi ni ndogo kiasi kwamba haifungi mjadala, lakini inatosha kumzuia daktari kuahidi. Kwa osteosakoma hali ni tofauti. Kemo peke yake haiviyeyushi vinundu vyenye mfupa ndani, na wale wanaofikia miaka mingi karibu wote ni waliotolewa kila kilichoonekana. Hata hivyo ni kama thuluthi moja tu wanaofika miaka mitano. Daktari aliisema namba hiyo kwa Kiswahili, mbele ya kijana mwenyewe: "Kati ya vijana watatu kama wewe, mmoja." Mama aliinamisha kichwa. Kijana akasema, "Basi tufanye."

Nilipenda kwamba aliulizwa yeye. Alikuwa na miaka 19, na hadi siku hiyo mazungumzo yote yalikuwa yamepita juu ya kichwa chake.

Maandalizi yalikuwa na jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Njia ya zamani na nzuri ya kujua kama mapafu yatahimili ni kumpandisha mgonjwa ngazi ghorofa mbili tatu. Mwenye mguu wa bandia uliokatwa juu ya goti huchoka nyonga kabla ya pafu, kwa hiyo kipimo hicho kingemsingizia udhaifu. Akapulizishwa kwenye spirometa, kifaa kinachopima nguvu ya pumzi. Moyo wake pia ukapigwa eko, picha ya mawimbi ya sauti, maana doksorubisini huweza kuudhoofisha polepole miaka baadaye bila mtu kujua. Moyo ulikuwa mzima.

Pafu la kulia lilifanyiwa kazi Septemba 2024. Niliomba ruhusa nikasimama pembeni, na kwa hilo nashukuru. Daktari wa nusukaputi aliingiza mrija wenye njia mbili, ili pafu la kushoto liendelee kupumua huku la kulia likiachwa lisinyae. Kifua kikafunguliwa ubavuni, kati ya mbavu, misuli ikisogezwa badala ya kukatwa. Pafu lililosinyaa ni dogo, laini, rangi ya waridi yenye madoa meusi, na linakaa mkononi kama sifongo iliyolowa. Daktari hakushika kisu kwanza. Alifumba macho nusu akalipapasa pafu lote kati ya vidole, polepole, kutoka kilele hadi kitako, kama mama anayechambua mchele akitafuta kijiwe.

Vitatu vya kwenye skani alivipata. Kisha akasimama, akarudisha vidole, akasema, "Kuna kingine." Cha nne kwa upande huo, kidogo kuliko punje ya mahindi, skani haikukiona. Ndiyo sababu madaktari wengi bado wanataka kifua cha osteosakoma kifunguliwe wazi badala ya kutumia kamera na vitundu vidogo, kwa kuwa kamera haina vidole. Kamera humuumiza mgonjwa kidogo kuliko kisu, na huko Marekani utafiti unaendelea kulinganisha njia hizo mbili kwa vijana. Mimi, kwa nilichokiona siku ile, nisingependa vidole viachwe mapema.

Kila kinundu kilitolewa na kipande chembamba tu cha pafu lenye afya kukizunguka. Hakuna aliyekata lobu nzima, yaani moja ya sehemu kubwa za pafu, kwa sababu osteosakoma hurudi, na mwenye kurudiwa atahitaji pafu la kukatwa tena. Kikubwa kilipowekwa kwenye bakuli la chuma kililia, ting, kama kokoto. Muuguzi na mimi tuliangaliana.

Siku zilizofuata ni maumivu na chupa. Mrija kutoka kifuani ulishuka hadi kwenye chupa yenye maji chini ya kitanda, na kila alipokohoa maji yalitoa mapovu: hewa bado inavuja mahali palipokatwa. Mama yake aliketi akiyahesabu mapovu hayo kuliko alivyoiangalia sura ya mwanawe. Siku ya nne kijana alikohoa, maji yakapanda na kushuka bila povu, mama akaniita kwa simu kabla hajamwita muuguzi. Wakati huo kijana alikuwa anafundishwa kupuliza kwa mrija ili maji yahame kutoka chupa moja kwenda nyingine, pafu lifunguke, nimonia isipate pa kukaa. Alichukia zoezi hilo. Dawa ya maumivu ilipotolewa kwa wakati alilifanya, ilipochelewa hakulifanya. Watu wa wodini wanalijua hili: maumivu yasipotulizwa mgonjwa hapumui kwa kina, na pafu linajifunga.

Upasuaji wa pili, wa kushoto, ulikuwa Novemba. Katikati, tarehe 1 Oktoba 2024, bima ya afya ya taifa ilihama kutoka NHIF kwenda SHA. Jioni moja tulikaa na mama nje ya duka lake la mchele tukamsajili kwa simu, *147#, mimi nikisoma namba ya kitambulisho naye akibonyeza. Bima ililipa sehemu kubwa. Ng'ombe mmoja aliuzwa hata hivyo, kwa ajili ya nauli za kwenda hospitali kupitia Chavakali na Kapsabet, vyumba vya kulala na skani iliyohitajika haraka.

Ripoti ya maabara ilikuja na jambo la kufikirisha. Kati ya vinundu vitano vilivyotolewa, vinne vilikuwa osteosakoma, kingo zake safi. Cha tano, kile cha punje ya mahindi kilichopatikana kwa vidole, kilikuwa kovu la TB ya zamani. Kwa hiyo TB ilikuwa imepita kweli katika kifua hicho, labda mwaka ule dani alipougua, ikazimwa na mwili wenyewe. Nilipomsomea kijana ripoti hiyo aliniuliza, "Kwa hiyo hukukosea?" Nilimjibu kwamba nilikosea. Kovu lile halikuwa ndilo nililoliona kwenye picha, na hata lingekuwa ndilo, mtu anaweza kuwa na TB na kansa katika pafu moja. Ningepaswa kuuliza.

Kuhusu kemo baada ya upasuaji, madaktari wa saratani walijadiliana naye. Kuna dawa za mstari wa pili, kama ifosfamidi na etoposidi, lakini kwa mtu ambaye kila kinachoonekana kimetolewa, faida yake haijathibitishwa vizuri na sumu yake ni ya hakika. Alichagua kufuatiliwa kwa skani kila miezi mitatu. Ningekuwa yeye, huenda ningechagua vivyo hivyo.

Kituoni kwetu fomu bado ni ileile, lakini kabla ya mgonjwa yeyote mwenye kikohozi kupelekwa picha tunamwuliza kama amewahi kukatwa, kulazwa kwa muda mrefu au kupewa kemo. Chini ya mstari wa historia nimechora mwingine kwa kalamu nyekundu. Inachukua nusu dakika.

Skani ya Novemba 2025, mwaka mmoja baada ya upasuaji wa pili, ilionyesha kidoa kipya upande wa kulia, milimita 4. Ni kidogo mno kusemwa ni nini. Kinaweza kuwa kovu la kisu, kinaweza kuwa kansa imerudi. Uamuzi ni kusubiri skani nyingine kuona kama kitakua, na kikikua kikiwa peke yake, anaweza kupasuliwa tena. Pafu la kukata lipo.

Alipokuja kuchukua rufaa ya skani hiyo, nilikuwa na mgonjwa mwingine mlangoni. Nikaiweka fomu mezani nikageuka kidogo. Niliporudi alikuwa ameichukua kalamu yangu na kuandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, zikipita nje ya mstari: OSTEOSAKOMA, PAJA LA KUSHOTO, MGUU ULIKATWA DESEMBA 2021, MAPAFU YALIPASULIWA MARA MBILI. Akaisukuma kwangu niweke sahihi.